UZI: Sifa tunazopachikana Makerere: zipi zina mzizi, zipi ni porojo za mtaani Wandegeya?

Askari_wa_Lango_Kuu (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu. Barua za udahili zikishatoka tu, freshas (wanafunzi wapya) wanaanza kulishwa maneno. Ukipangiwa Lumumba, wewe mhuni. Wa sheria wanajidai. Wa jioni ana hela, kichwani hamna kitu. Msichana kaingia kwa "moja nukta tano" (pointi anazoongezewa). Anayesoma ualimu alikosa pa kwenda. Nimeona tuyaweke mezani, ila kwa sharti moja: ukisema sifa fulani ni ya kweli, tuonyeshe inakotoka. Ni ratiba? Ada? Kanuni ya udahili? Umbali? "Nimewaona kwa macho yangu" haitoshi, na visa vya wewe na rumeti wako vina uzi wake.

Naanza na mabweni, maana huko ndiko kelele iliko. Hakuna anayejichagulia bweni. Kila anayedahiliwa hupangiwa na chuo, hata kama atalala hosteli Kikoni, mtaa wa jirani, mpaka siku ya joho. Wanaume wanagawanywa Lumumba, Livingstone, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall. Wanawake Mary Stuart, Africa na Complex. Basi "Lumumbist" ni jina lililokuja na barua. Tabia, kama ipo, inafuata baadaye.

Na kweli inafuata kwa baadhi. Bweni lina nyimbo, lina viongozi, lina alama yake (Lumumba wana sanamu yao, Gongomu), tena lina undugu: Lumumba na Mary Stuart ni Lumbox, Africa na Livingstone ni Afrostone, Mitchell na Complex ni Mitchellex. Kijana wa wiki ya kwanza hajui mtu, hajui hata maktaba iko upande gani, anapewa wimbo, shemeji na watani siku moja. Ataimba tu.

Mzee_Kivulu

Nakubali, lakini usiwaoshe Lumumba wakang'aa kupita kiasi. Nyimbo zina kazi yake. Umati ulio na nyimbo tayari unakusanyika kwa robo saa. Usio na nyimbo unahitaji mkutano wa kupanga mkutano.

Ila ukitaka kujua mgomo utakuja lini, angalia kalenda, bweni liache. Migomo huja pale ada inapopandishwa, au tarehe ya mwisho ya kulipa inapokaribia na watu wanaona watazuiwa kufanya mtihani, au wakati wa siasa za gildi (serikali ya wanafunzi). Oktoba 2019, ule mgomo wa kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15 ulianzishwa na wasichana. Usiku wake wanajeshi wakavamia Lumumba. Hapo ndipo ninapoona jina linavyofanya kazi: wameanza wengine, mlango uliovunjwa ni wa wenye sifa.

Tena tangu 2022, baada ya mwanafunzi wa chuo kingine kuuawa wakati wa kampeni za gildi, mikutano ya hadhara ya kampeni ilipigwa marufuku. Fresha wa leo anairithi sifa ya fujo ambayo uwanja wake wenyewe umefungwa.

Nnalongo_Kikoni

Nyongeza ndogo kwa wanaosema "Northcote" na "Nsibirwa" kama mabweni mawili: ni moja. Northcote ni jina la zamani. Jina la sasa ni la Martin Luther Nsibirwa, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda aliyeuawa Namirembe mwaka 1945 kwa sababu ya ardhi iliyotolewa ili chuo kipanuke. Wengi wanaopiga saluti za "Northcoter" hawajui hilo. Endeleeni.

Hesabu_za_Pointi

Hili la 1.5 nipeni mimi, maana watu wanalisema kana kwamba msichana kagawiwa cheti sokoni.

Nyongeza ya pointi 1.5 kwa wasichana katika udahili wa vyuo vya umma ilianza 1990. Uzito wake hauwezi kuujua bila kuijua mizani yenyewe. Masomo makuu ya sinia siksi (kidato cha sita): A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1. Kila kozi ina masomo mawili ya msingi, hayo yanazidishwa kwa 3. Moja linalohusiana linazidishwa kwa 2. Jenero pepa (maarifa ya jumla) na sabu (hesabu ndogo au kompyuta), ukifaulu, pointi moja moja. Sinia foo (kidato cha nne): distinksheni 0.3, kredit 0.2, pasi 0.1.

Sasa tuchukue udaktari. Msingi ni Baiolojia na Kemia; Fizikia inahusiana.

Mvulana ana Baiolojia A, Kemia A, Fizikia B: 18 + 18 + 10 = 46. Jenero pepa na sabu, 2. Sinia foo alifanya masomo manane, yote distinksheni, 2.4. Jumla 50.4.

Msichana ana Baiolojia A, Kemia B, Fizikia A: 18 + 15 + 12 = 45. Mbili za jenero na sabu, 2.4 za sinia foo, anafika 49.4. Tia 1.5, anakuwa 50.9.

Wote wana A mbili na B moja. Bila nyongeza mvulana yuko mbele kwa pointi moja. Nyongeza inampitisha msichana kwa nusu pointi. Hapo ndipo kelele inapotoka, na siikatai: mstari ukikatwa 50.6, yeye anaingia, mwenzake anabaki.

Lakini tazama ukubwa wake. Kushuka gredi moja kwenye somo la msingi ni pointi 3. Kwa hiyo 1.5 ni nusu ya gredi ya somo moja. Msichana wa B, B, C anaanza na 15 + 15 + 8 = 38. Ukimpa 1.5 hata mara tano hamfikii yule wa 46. Nyongeza ina meno pale tu watu walipobanana kwenye nukta, yaani udaktari, ufamasia na kozi za namna hiyo, hasa nafasi za gavumenti (zinazolipiwa na serikali). Kwenye kozi ambayo mstari umelegea haina kazi yoyote. Na akishaingia darasani imekwisha. Hakuna mtihani wa chuo unaoongezwa alama kwa sababu ya jinsia.

Kinachoangusha wengi, wavulana kwa wasichana, ni kuomba kozi bila kuangalia somo lao zuri linazidishwa kwa ngapi. Mtu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) mwenye A ya Fizikia akiomba uhandisi, A hiyo ni 18. Akiomba kozi ambayo Fizikia inahusiana tu, A hiyo hiyo ni 12. Amemwaga pointi 6 kwa kalamu yake, nyongeza nne za wasichana hizo, kisha anakuja kulalamika juu ya moja.

Tahadhari: hesabu ya sinia foo hapo juu ni ya UCE (mtihani wa sinia foo) ya mtaala wa zamani. Waliofanya ule mpya kuanzia 2024 wana gredi za A hadi E, wasibebe hizi 0.3.

Spana17

Sawa, lakini huyo wa 50.4 aliyeachwa kwa 0.2 unamwambia nini?

Hesabu_za_Pointi

Namwambia shule yake ilimfanyisha masomo manane wakati nyingine zinafanyisha tisa au kumi. Distinksheni ya tisa ingemweka 50.7. Ndugu yangu, 0.3 ya sinia foo ambayo watu huidharau ndiyo iliyomwacha stendi.

Kanzu_na_Koti

Kwa kuwa mnazungumzia gavumenti, kuna sifa moja imepinduka miguu juu. Watu wanaamini wa gavumenti ni mtoto wa maskini mwenye akili, na wa prayveti (anayejilipia) ni mtoto wa tajiri mzembe. Tazameni nafasi zinavyogawanywa. Gavumenti inafadhili kama wanafunzi 4,000 kwa mwaka kwa vyuo vyote vya umma pamoja, sayansi ikipewa kipaumbele, na nyingi zinakwenda kwa pointi. Pointi zinatoka wapi? Kwa wingi zinatoka shule za bweni za Kampala, Wakiso na Mukono, na ziko ambazo ada yake ya muhula mmoja inazidi ada ya muhula ya kozi ya sanaa chuoni. Aliyeweza kulipa huko ndiye anayesomeshwa bure huku. Wa Kotido, kule Karamoja, aliyesoma bila maabara anakuja na pointi pungufu, anaingia prayveti, na nyumbani ng'ombe anauzwa kila muhula.

Mgao wa wilaya (nafasi zinazotengwa kwa kila wilaya) uliletwa 2005 kurekebisha hilo. Hitilafu yake ni moja na inajulikana: mtoto wa mjini anajaza wilaya ya babu yake.

Ukitaka kujua nani ni nani, namba ya usajili inasema bila kuulizwa. Mwanzo ni mwaka wa kuingia, kisha U kwa Mganda au X kwa mgeni, kisha namba yake. Mkia wa PS ni anayejilipia wa mchana, EVE ni wa jioni. Isiyo na mkia ni ya gavumenti. Ndiyo maana freshas wengine hufunika kitambulisho kwa kidole gumba, kana kwamba PS ni ugonjwa.

Kuhusu EVE: vipindi vyao ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Walioanzishiwa mpango huo ni watu wa kazi, lakini leo wengi darasani ni vijana waliotoka sinia siksi jana, wakakosa nafasi ya mchana kwa nukta. Mtihani ni ule ule, shahada haiandiki EVE popote. Hiyo ya kwamba hawamalizi kipindi, ni kweli darasa linakonda kuanzia saa tatu, na sababu iko barabarani: anayelala Gayaza au Mukono akiikosa taksi ya saa tatu na nusu, boda ya usiku inakula hela ya chakula cha siku mbili. Mwalimu mwenye akili anaweka mambo mazito saa ya kwanza, mifano saa ya mwisho.

Spana17

Kozi kwa kozi nitapita haraka.

Wahandisi wachafu na hawajui kuongea: uchafu ni wa karakana. Muhula wa recess wenzao wako kwao wanakula matooke, wao wako kwenye vyuma na saruji. Kuongea siwatetei.

Madaktari hawaonekani: ni jiografia tu. Masomo yao yako hospitali ya Mulago, bweni lao la Galloway liko huko huko. Watu wa kilimo nao, wakiwa kwenye shamba la chuo Kabanyolo, wako kilomita kama 20 kutoka mjini. Ungewaona wapi?

Sheria wanajidai: kuna mtihani wa kuingia juu ya pointi zako, miaka minne, kisha LDC (chuo cha mafunzo ya uwakili). Suti ni ya mahakama ya mazoezi, inavaliwa siku maalumu. Wanaoivaa Jumatatu kwenda kununua rolex (chapati ya mayai), hao hawana utetezi.

Nnalongo_Kikoni

Umeruka ualimu, ssebo, na ndio wanaoonewa kuliko wote. "Alikosa pa kwenda." Nyerere alikuja Makerere miaka ya 1940 akasoma ualimu, sijui na yeye alikosa pa kwenda.

Tazama mzigo wenyewe. Mwanafunzi wa ualimu ana masomo mawili ya kufundishia, tuseme Historia na Fasihi, anayasoma pamoja na watu wa B.A. kwenye kitivo chao. Juu yake anaongezewa saikolojia, mbinu za kufundisha, mitaala. Ratiba zinatungwa na ofisi tatu tofauti, na hapo ndipo linapozaliwa lile neno kwamba "wa ualimu hawaingii darasani". Historia iko saa nne, Fasihi iko saa nne, jengo hili na lile. Huwezi kujigawa.

Dawa yake ifanyike wiki mbili za kwanza. Kabla hujasajili masomo mawili, chukua ratiba zote tatu, chora jedwali la siku tano, jaza kwa kalamu ya rangi tatu. Kipindi kinachogongana kikiwa kimoja, utaishi kwa noti za mwenzako. Vikiwa viwili vya somo lile lile, badilisha pacha ya masomo sasa hivi, kabla dirisha la kubadilisha halijafungwa. Watu wanasubiri wiki ya sita, kazi ya kwanza imeshatolewa na hawana alama yake.

Bint_Arua

Naleta ya Kiswahili, maana humu tunakitumia halafu tunakaa kimya. Sifa: anayesoma Kiswahili Makerere ni mtoto wa kambi ya jeshi, au ni mtu wa West Nile, au anajifunza lugha ya wezi na askari. Na ya pili: Muganda hawezi Kiswahili.

Ya kwanza ina historia, haina ukweli wa leo. Kiswahili kiliingia mitaani Kampala kwa buti za jeshi, kwa hiyo mtu mzima aliyekisikia kwenye rodibloku hawezi kukipenda kirahisi. Lakini Katiba iliyorekebishwa 2005 inakiita lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Maana yake walimu wanatafutwa. Anayekicheka leo ataomba kazi kwa aliyekisoma.

Ya pili ni suala la sauti, na sauti zina kanuni. Kwenye Luganda, r hukaa baada ya e na i. Kwingineko ni l. Kwa hiyo Muganda hakosei ovyo, anatii sheria ya nyumbani. "Habari" ina a kabla ya r, anasema "habali". "Rahisi" imeanza, anasema "lahisi". Upande wa pili "filimbi" inakuwa "firimbi", kwa sababu l imekuja baada ya i. Ukiijua kanuni unajua kabla ya kusahihisha ni neno lipi litamkwama. Zoezi linalofaa si kumwambia "sema r". Andika orodha mbili: maneno yenye r baada ya a, o, u (habari, bora, sukari, furaha) na yenye l baada ya e, i (mbele, kilimo, pilipili, elimu). Dakika kumi kwa siku, kwa sauti, orodha moja baada ya nyingine. Kuchanganya zote mbili siku ya kwanza ndiko kunakomvuruga.

Kisha yako maneno mapacha wa uongo. "Omukazi" wa Luganda ni mwanamke. "Mkazi" wa Kiswahili ni mtu akaaye mahali. Insha ya "wakazi wa Kampala" imewahi kusahihishwa ikiwa na wanawake watupu.

Na sisi wa Arua tusivimbe kichwa. Tunakiongea, ndiyo, lakini cha barabarani: ngeli zote zinakwenda i- na zi-. "Kitabu yangu" sokoni inapita, kwenye karatasi inakula alama. Muganda ngeli anazo tangu kuzaliwa, ki- na vi- yake ni eki- na ebi-. Mwaka wa kwanza sisi tunamcheka matamshi, mwaka wa pili anatupita sarufi.

Mzee_Kivulu

Hii ya Bint_Arua ningeiprinti.

Niongeze moja: "kozi za sanaa fesit klasi (daraja la kwanza) zinaokotwa." Mizani ni moja kwa chuo. Alama 80 kwenda juu ni 5.0, 75 ni 4.5, 70 ni 4.0, 65 ni 3.5; 60 ni 3.0, 55 ni 2.5, 50 ni 2.0, chini yake riteki (unarudia). Fesit klasi inaanzia 4.40. Chukua muhula wa kozi tano, kila moja krediti 4. Nne umepata A, moja umepata 52: (16 × 5 + 4 × 2) ÷ 20 = 4.40. Umeshika ukingo. Ya pili ikiharibika hivyo hivyo ni 76 ÷ 20 = 3.80, umeshuka.

Sasa kwenye hesabu mtu anaweza kupata 95, jibu ni jibu. Kwenye insha, msahihishaji anayetoa 85 ni wa kutafuta kwa tochi. Alama zinarundikana kati ya 60 na 72. Anayepata 72 kila kozi ana 4.0, anayepata 75 kila kozi ana 4.5. Alama tatu hizo ndizo daraja zima. Kwa hiyo sanaa riteki ni chache, hilo kweli. Fesit kuokotwa, hapana.

Spana17

Na ile ya "mwanafunzi wa Makerere hamalizi kwa wakati, alama zake zimepotea"?

Mzee_Kivulu

Hiyo haimhusu mwanafunzi peke yake, ni ugonjwa wa kila chuo kikubwa chenye karatasi nyingi. Sehemu yako ni hii. Saini fomu ya mahudhurio ya mtihani, usiondoke chumbani bila kuiona. Namba ya usajili kwenye kijitabu iandike yote pamoja na mkia wake. Wa EVE akiusahau mkia, alama zake zinatafutwa kwenye orodha ya mchana. Kazi zilizosahihishwa zihifadhi mpaka shahada iwe mkononi. Matokeo yakibandikwa, angalia wiki hiyo hiyo. Pengo likiwepo, andika barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa msajili wa koleji, ambatisha nakala ya kazi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Anayekwenda kuuliza kwa mdomo mlangoni ataambiwa arudi Alhamisi, na Alhamisi zipo nyingi.

Fresha_2

Asanteni wakubwa. Ile ya kwamba wa hosteli wanapika kila kitu kwenye pakoleta (birika la umeme) ni kweli?

Nnalongo_Kikoni

Kweli tupu, mwanangu. Mayai: maji yafunike, yachemke, lizime lenyewe, acha dakika kumi na mbili bila kufungua. Indomie: chemsha maji, mimina kwenye bakuli lenye kifuniko, usiitie ndani. Wali usijaribu. Pakoleta hujizima maji yakichemka, wali unataka moto wa dakika ishirini. Ukishikilia swichi kwa nguvu, wanga unaganda chini, chuma kinaungua, na chai yako ya muhula mzima itanuka ukoko. Koili (jiko la umeme) nayo, hosteli nyingi wanaikataza, ikiwashwa vyumba vitatu mara moja umeme wa ghorofa unakatika na mlinzi anapanda kunusa mlango kwa mlango. Maharagwe nunua kikomando (chapati na maharagwe) chini, ndugu.